GL.iNet Mango yenye OpenWrt: ruta ya kaunta yangu hapa Malimbe

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kila anayeiona pale kaunta. Haikufika laki moja, na humo ndani kuna nauli ya kuisafirisha kutoka Dar. Ukisikia ruta usitarajie lile dude lenye antena nne. Hii ni ya njano, upande wake haufiki sentimita 6, uzito gramu 39, na wateja wengi hudhani ni chaja ya simu mpaka wanione nachomeka waya wa intaneti. Jina lake la kiwandani ni GL-MT300N-V2. Mango ni la biashara.

Sifa zake kwenye karatasi hazitishi mtu. Prosesa megahezi 580, memori MB 128, hifadhi MB 16, Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, matundu mawili ya waya yanayoishia megabiti 100, na tundu moja la USB. Ungeweka hizo namba mbele yangu bila maelezo nisingeinunua. Nimeinunua kwa sababu programu yake ya ndani, ile mafundi wanaita faimwea, naweza kuitoa yote nikaweka OpenWrt, ambayo ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, anayetaka anausoma, anaurekebisha na kumpa mwenzake.

Steshenari yangu iko Malimbe, Mwanza, njia ya kwenda chuo kikuu cha SAUT. Natoa kopi, naprinti, naskani vyeti, na msimu ukifika nafanya maombi ya chuo na ya mkopo kwa vijana wasio na laptopu. Maombi hayo huwa na dirisha lake, na vijana wetu hulikumbuka dirisha linapofungwa. Siku hizo benchi linajaa, wengine wanakaa nje kwenye mawe na bahasha zao mkononi, na intaneti ikiyumba macho yote yananigeukia mimi. Na mtandao wa Mwanza mnaujua, unafuata vilima. Upande wa ziwani simu inashika vizuri kabisa. Rudi hatua chache nyuma ya jiwe, mstari unabaki mmoja.

Kabla ya hii nilikuwa na ruta ya laini kutoka kampuni moja ya simu ambayo siitaji. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima, hakichemki, taa zote zinawaka. Ila kilikubali laini ya kampuni hiyo hiyo tu. Bando lao lilipopanda nikataka kuhamia kwingine, kikagoma. Nikakipeleka kwa kijana mmoja fundi, pale mjini karibu na Makoroboi.

"Dada, hii imefungwa."

"Si inawaka?"

"Inawaka. Imefungwa kwenye programu. Njia ya kuifungua naweza kuitafuta, ila wakituma masasisho inajifunga tena, usije ukanilaumu."

Nikamuuliza: kitu nimekilipia chote, risiti ninayo, nani anakifunga tena? Akacheka tu. Ndiye aliyenionyesha Mango, na ndiye aliyenieleza habari ya OpenWrt huku akila mihogo.

Hapo nilikuwa nimeshachoshwa na vifaa vya namna hiyo. Printa yangu ya rangi, nayo ya kampuni nisiyoitaja, ilikuwa inakubali wino wa kujaza bila shida, hadi ilipojisasisha yenyewe kupitia intaneti. Asubuhi yake ikaandika kwamba katriji haitambuliki. Wino upo, kichwa kizima, karatasi zimepangwa, na mwanafunzi anataka kurasa 40 za ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Chipu ndogo kwenye katriji imesema hapana, na mbele ya chipu hiyo fundi bingwa hana la kufanya.

Ajabu ni kwamba habari hii yote ya programu huria ina mkono wa printa ndani yake. Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa kompyuta pale MIT, Marekani. Maabara yao ilipata printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Alitaka kuiongezea programu iwajulishe watu ikikwama, kama alivyofanya kwa printa ya zamani, akanyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu huria, na humo ikazaliwa leseni ya GPL, inayosema kwa ufupi: ukiichukua kazi hii na kuisambaza, toa na msimbo wake. Mimi kila karatasi ikikwama huwa namkumbuka huyo bwana.

Leseni hiyo ndiyo iliyoizaa OpenWrt. Mwishoni mwa 2002 ilitoka ruta ya Linksys WRT54G, na mwaka uliofuata watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ambayo iko chini ya GPL. Wakaudai msimbo, ukatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza kutokea hapo. Leo unaendeshwa na watu wa nchi mbalimbali kwa ruta za kampuni nyingi sana, zikiwemo ambazo waliozitengeneza walishaziacha.

Sasa kuiweka. Mango inakuja na programu ya GL.iNet yenyewe, kampuni inayoitengeneza, iliyojengwa juu ya OpenWrt, na kwa nyumbani inatosha: unafungua 192.168.8.1, unabadilisha neno la siri la Wi-Fi (la kiwandani ni "goodlife", dunia nzima inalijua, libadilishe siku hiyo hiyo), basi. Lakini ukurasa huo wa mipangilio ni mali yao, si huria. Mimi nilitaka OpenWrt tupu. Unapakua faili la toleo lako kutoka openwrt.org, unalipakia kwenye ukurasa wa masasisho, unakataa kubakiza mipangilio ya zamani, unasubiri.

Hapa ndipo watu wanapopata mshtuko, kwa hiyo nisikilize. Ikishawaka, Wi-Fi haionekani. Kabisa. Utatafuta kwenye simu hutaiona, utadhani umeiua. OpenWrt huja na Wi-Fi imezimwa makusudi, kwa sababu bado haina neno la siri na hawataki ikae wazi. Chomeka waya kwenye laptopu, fungua 192.168.1.1, weka neno la siri la msimamizi, ndipo uwashe Wi-Fi. Na hata ukiiharibu kweli, dawa ipo: unashikilia kitufe cha kurudisha mipangilio huku unachomeka umeme, taa inametameta mara kadhaa, unaachia, na ruta inakufungulia ukurasa mtupu wa kupakia programu upya. Fundi wangu aliiharibu mbele yangu makusudi ili anionyeshe namna ya kuifufua. Nilikaribia kumpokonya.

Kilichobadilisha biashara ni kitu kinaitwa SQM. Kwenye ruta yangu ya zamani, kijana mmoja akipakia video WhatsApp, mwenzake mwenye PDF ya cheti, faili dogo kabisa, anakaa anaangalia kile kiduara kinazunguka mpaka ukurasa wa maombi unamtoa nje na kumwambia aanze upya. Si kwamba kasi haikuwepo. Data zote zilikuwa zinasimama foleni moja, na mwenye mzigo mkubwa kaijaza. SQM hugawa foleni, kila mtu anapata zamu, mzigo mdogo hausubiri mkubwa uishe. Unaipa namba ya kasi iliyo chini kidogo ya kasi yako halisi, ili foleni ikae ndani ya ruta yako unayoimiliki, isikae kwenye mitambo ya kampuni usikofika. Niliiweka kwa kubofya, ni bure, na tangu hapo sijasikia mtu akipiga kelele "nani anaangalia mpira?" Wanaangalia, na maombi yanakwenda.

Cha pili ni umeme. Mango inatumia wati zisizofika 3 kupitia waya wa kawaida wa USB ndogo, kwa hiyo inaishi kwenye pawabenki. Umeme ukikatika mashine ya kopi inalala, feni inasimama, ila laptopu ina betri na ruta iko hewani. Simu naichomeka kwa waya kwenye lile tundu la USB, naiweka dirishani upande wa ziwani, intaneti yake inagawiwa dukani kote. Kuna programu ya nyongeza ya OpenWrt inaitwa mwan3 inayoangalia njia mbili kwa wakati mmoja: waya wa faiba ninayochangia na jirani wa duka la dawa, na hiyo simu. Ya kwanza ikifa inahamia ya pili bila mimi kunyanyuka. Simu ni ya laini yoyote ninayotaka wiki hiyo. Angalizo la pawabenki: chagua inayotoa umeme huku inachajiwa. Nyingi hukata kidogo unapochomeka chaja, na ruta inaanza upya wakati mtu yuko kwenye malipo.

Ubaya wake sasa, maana upo. Wi-Fi haifiki mbali. Ukuta mmoja wa tofali za kuchoma inavuka, wa pili inakohoa. Gigahezi 2.4 hapa hosteli zilipobanana ni vurugu, kila chumba kina kifaa chake. Ukiwa na faiba ya megabiti 100 ukawasha SQM, prosesa hii itakubana hapo hapo, haina msuli. Kurasa za mipangilio ninazitumia kwa Kiingereza cha kifundi, na zina vitu vingi kuliko vinavyohitajika; binti anayenisaidia nimemwekea karatasi ukutani ya vitufe viwili tu anavyoruhusiwa kugusa. Na ukiweka programu yako, ikikataa usitarajie muuzaji akusikilize.

Kuna jingine ambalo wapenzi wa vitu hivi hulipita haraka. Programu kuwa huria haimaanishi kifaa ni huria. Mchoro wa bodi ya Mango mimi sinao, na ikiungua tundu la umeme fundi atapapasa. Baiskeli ya Foniksi fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua bila kuomba ruhusa. Ruta zetu bado hazijafika hapo. Iliyo karibu zaidi ni OpenWrt One, iliyotolewa mwishoni mwa 2024 na mradi wenyewe pamoja na shirika la Software Freedom Conservancy la Marekani, ikitengenezwa na Banana Pi. Michoro ya bodi yake iko hadharani, ina swichi ya kuirudisha hai ukiiharibu, bei yake ilitangazwa dola 89, na katika kila moja dola 10 huenda kwenye mfuko wa mradi. Kwa steshenari yangu ni pesa nyingi. Kwa shule au zahanati yenye kompyuta kadhaa ningeitetea kikaoni.

Na tusidhani ni mambo ya ruta tu. Shemeji yangu yuko Igombe, alichukua sola ya kulipia kidogo kidogo. Kulipa alimaliza. Betri ilipochoka akataka kuweka nyingine ya dukani, boksi likaikataa, plagi zake na programu yake vimefungwa kwa betri ya kampuni ile tu. Mtu anayedaiwa kufungiwa taa naelewa, ni mkopo. Aliyemaliza je? Kuna mfumo huria wa zile namba za malipo, OpenPAYGO Token, ambao kampuni yoyote inaweza kuutumia, kwa hiyo si kwamba biashara ya mkopo haiwezekani bila kufunga kila kitu. Marekani nako, mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma iliyokuwa ikiendesha kifaa cha nyumbani cha Revolv, walichokinunua watu kwa dola 299. Kikawa pambo la mezani. Kingekuwa na programu huria, wenyewe wangekiendeleza.

Kama unataka kujaribu bila kuagiza, ruta za mitumba zipo tele soko la Mlango Mmoja, ila usinunue kwa jina la mbele. Igeuze, soma toleo kwenye kibandiko cha chini. TP-Link TL-WR841N, kwa mfano, imetoka kwa matoleo zaidi ya 10 na ndani ni vifaa tofauti. Ingia kwenye jedwali la vifaa la openwrt.org ukiwa umesimama hapo hapo kwa muuzaji, linganisha namba. Yenye hifadhi ya MB 4 na memori ya MB 32 mrudishie, matoleo ya sasa hayakai humo hata akikupunguzia bei. Tafuta MB 16 na 128 kwenda juu.

Mango naipa nyota nne kwa duka dogo, kibanda cha wakala, au chumba cha mwanafunzi. Mwenye gesti Kirumba aliyeniuliza kama itamfaa kwa vyumba vyote, jibu ni hapana, nunua kubwa zaidi yenye gigahezi 5, na muulize muuzaji kwanza kama inakubali OpenWrt. Fundi wangu anazo mbili mkononi kwa sasa. Moja nimeshaishika kwa ajili ya shemeji.