Sunshine: jua linazimika, nasi tuko Julai

Julai ya Nairobi mnaijua. Wiki nzima mawingu yameifunika Donholm kama sufuria, nguo hazikauki, mtu analala na soksi. Ndipo nikachagua Sunshine, sinema ya Danny Boyle ya mwaka 2007 kuhusu jua linalozimika. Kijana wa duka la muvi pale stejini aliniwekea kwenye flashi kwa shilingi 50, akanionya: "Hii watu huilalamikia, bosi. Haina bunduki."

Ni mwaka 2057. Watu wanane ndani ya chombo kiitwacho Icarus II wanapeleka bomu la kuliwasha jua upya. Waliotangulia walipotea miaka saba nyuma. Yumo Cillian Murphy, yumo Michelle Yeoh, na Chris Evans kabla hajawa Captain America. Pamoja na hao wote, sinema haikurudisha hata gharama zake.

Aliyenikaa moyoni ni Trey, mpanga njia wa chombo. Chombo kinabadilisha njia, hesabu zake ziko sawa, ila amesahau kugeuza ngao za kukinga joto. Amesahau tu, kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha jiko linawaka. Nahodha anakufa akizirekebisha, bustani inayowapa hewa inateketea. Baadaye wanabaki watano, na hewa inatosha wanne.

Wanapiga kura. Mace, fundi wa chombo, ndiye anayetaka Trey auawe, na huwezi kumchukia, maana muda mfupi tu kabla ya hapo, wakirudi kutoka chombo cha wale waliotangulia, alimwachia Capa, mwanafizikia wa bomu, suti pekee iliyokuwepo, yeye akavuka anga amejifunga vipande vilivyobanduliwa ukutani. Cassie, rubani, peke yake anakataa. Hoja anaielewa vizuri; kura ndiyo hatoi.

Hapo nikasimamisha. Dada yangu ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, nikadhani atakuwa upande wa Cassie. Hakuacha hata kumenya viazi. "Mimi ningemuua," akasema. "Lakini singewaacha nyinyi mpige kura." Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Theluthi ya mwisho iliniudhi. Anazuka mtu na kisu, picha zinatikisika hujui nani anamkimbiza nani. Mmeshatubebesha mzigo wote ule, kisu cha nini tena? Muziki wa John Murphy ndio ulionishikilia hadi mwisho.

Naipa nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kisu. Kwenye flashi sijaifuta. Dada anataka kuitazama tena, kuanzia pale kwenye kura.