Msaada wa Vim kwenye dirisha zima

Kompyuta yangu ina kioo kidogo. Nikiandika :help (amri ya kufungua maelezo ya msaada) kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi na msimbo, kioo kinagawanywa mara mbili na msimbo wangu unabanwa chini, siuoni vizuri. Sasa naandika :help windows | only (windows hapa ni mada ya madirisha ya Vim, na only hufunga madirisha mengine), maelezo yanajaa kioo chote. Raha! Ila hifadhi faili lako kwanza, la sivyo dirisha lake linaweza kugoma kufungwa. Ctrl-] inakupeleka kwenye maelezo ya neno lililounganishwa, Ctrl-T inakurudisha. Maelezo yenyewe ni ya kina kuliko programu nyingi nilizotumia, na hayahitaji bando. Jaribu pia :help uganda, usome kuhusu watoto wa Kibaale, Uganda, ambao Bram Moolenaar, mtunzi wa Vim, aliomba wasaidiwe. Ukurasa huo naupenda mno.