Mafunzo ya Uzamili ya Usanifu wa Nyenzo kwa Kompyuta: Tathmini Kutoka Kigoma

Kwa mhitimu wa fizikia au uhandisi anayeishi Kigoma, mafunzo haya yanayotolewa kwa njia ya mtandao yanastahili kufuatwa, kwani yanawaweka katika kundi moja mwanafizikia, mhandisi wa viwanda na mtaalamu wa kompyuta, na kila mmoja hulazimika kuielewa kazi ya mwenzake kabla ya kuiwasilisha.

Kilichonivutia kuliko vyote ni zoezi la silikoni. Kwa kutumia Quantum ESPRESSO, programu isiyolipiwa, tulikokotoa urefu wa upande wa seli ya msingi ya fuwele (mchemraba mdogo wa atomu unaojirudia) na kupata takriban angstromu 5.47 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ilhali vipimo vya maabara ni 5.43. Mkufunzi hakuiacha tofauti hiyo ipite, bali alieleza kwa subira kwamba ukadiriaji wa PBE tulioutumia, yaani fomula ya kukadiria jinsi elektroni zinavyoathiriana, uliochapishwa mwaka 1996, kwa kawaida huongeza kidogo umbali kati ya atomu. Ufundishaji wa namna hii ni wa thamani kubwa, kwa sababu humzoesha mwanafunzi kuyahoji majibu ya kompyuta.

Upande wa utengenezaji, kwa bahati mbaya, ni dhaifu. Uchomeleaji umeguswa juu juu tu, wakati karakana za Mwanga na Ujiji hapa Kigoma huchomelea vyuma kila siku, na jinsi joto linavyobadili muundo wa chuma kando ya mshono ni elimu ambayo mafundi wetu wanaihitaji sana.

Intaneti inapoyumba, vipindi vya moja kwa moja hukatika. Naomba rekodi zake zitolewe katika mafaili madogo yanayopakulika kwa urahisi.