Kitabu cha Mwisho cha Elena na Lila

Riwaya ya Elena Ferrante, Storia della bambina perduta, iliyochapishwa nchini Italia mwaka 2014, inahitimisha mfululizo wa vitabu vinne kuhusu Elena Greco na Lila Cerullo, marafiki waliokulia katika mtaa maskini wa Napoli. Nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Ann Goldstein, ambayo lugha yake inatiririka bila kukwama.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya tetemeko la ardhi la Novemba 1980, ambapo wanawake hao wawili, wote wakiwa wajawazito, wanajihifadhi ndani ya gari, na Lila, ambaye tangu utotoni tumemjua kuwa jasiri kupita kiasi, anamweleza mwenzake kwa hofu jinsi mipaka ya watu na vitu inavyoyeyuka mbele ya macho yake. Kurasa hizo zinatufanya tuusome upya ukali wake wote wa vitabu vitatu vilivyotangulia.

Ferrante haupambi urafiki huu. Wivu, utegemezi na upendo vinakaa pamoja hata uzeeni, na Elena, ambaye ndiye msimulizi, hajifichi anapomwonea kijicho mtu anayempenda kuliko wote. Kwa maoni yangu, huo ndio ukweli ambao riwaya nyingi kuhusu marafiki huukwepa.

Miaka ya mwisho inasimuliwa kwa haraka mno, na wahusika ni wengi. Kwa hiyo asiyesoma vitabu vya awali aanze na cha kwanza.