Sale ya sine ya Birere: filme ni nzuri, mwanzo banatunyima

Mi naipatia 3 ku 5 hii kasale ka sine ya huku Birere, kartie ya Goma, na zile 2 imekosa zote zimepotelea mu dakika za kwanza za filme. Bitu bingine biko sawa: projekta inatoa picha safi, ukuta bameupaka nyeupe vizuri, sauti iko na nguvu, 1000 ya franka haisumbui mutu, na mama wa sambusa ku mulango anajua kazi yake. Tena patro, mwenye sale, anapenda filme za zamani, kitu ya kushangaza mu Goma, juu kwingine ni paka karate na mupira wa Ulaya.

Lakini jamani, mwanzo wa filme si nafasi ya kungojea batu bamalize kununua mayi. Pale njo unapewa swali yenye utabeba mpaka mwisho, na kama haukuipokea, saa nzima inayofuata uko unaangalia batu banakimbia tu.

Mfano Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960. Unaona muji wa Phoenix kutoka mbali, maandishi yanakwambia Ijumaa, tarehe 11 Desemba, saa nane na dakika 43 mchana. Dakika 43! Si saa nane na nusu, si "siku moja mchana". Weye mwenyewe unaanza kujiuliza kuko nini na hii dakika, ni nani anahesabu, kisha kamera inachagua nyumba moja kati ya zote, dirisha moja, inapenya chini ya pazia yenye imeshushwa karibu yote, unakuta bwana na bibi mu chumba mchana kweupe. Hakuna mutu amekufa, hakuna bunduki, na tayari umekuwa sawa jirani mwenye kuchungulia, haya unasikia lakini kutoka hautoki.

Sasa mu sale yetu, pale ile maandishi inapita, taa ingali inawaka, bijana banasukumana ku benchi, mwengine anaita mwenzake ku telefone "uko wapi, imeanza". Na hii njo filme yenye Hitchcock mwenyewe alikatazia batu kuchelewa! 1960 masale ziliambiwa zisiingize mutu kisha filme kuanza, na matangazo balibandika ku milango, juu siku zile Marekani batu balikuwa banaingia saa yoyote, banaangalia kipande ya mwisho, kisha banangoja ianze tena. Patro, kama bale balikubali kusimama inje, siye ba Birere tunashindwa nini?

Halafu mufasiri, ule mwenye anatueleza filme na mikro wakati inapita. Sauti yake naipenda, anachekesha kabisa, batoto bote ba kartie banamuiga. Shida yake hajui kunyamaza. Balituwekea Touch of Evil ya Orson Welles, ya 1958: mikono inatega saa ya bomu, bomu inaingia mu kofre (buti) ya gari, bwana na mwanamuke banapanda bila kujua kitu, na kamera inafuata zaidi ya dakika tatu bila kukata hata mara moja, mpaka ku mupaka wa Mexico na Marekani. Gari inasimama, inatembea, inasimama tena. Munajua foleni ya Petite Barrière, pale mupaka wetu na Rwanda, sasa wazia uko mule na kitu kama ile inahesabu nyuma yako. Yule mwanamuke anasema kabisa anasikia kitu inagonga-gonga mu kichwa, hakuna mwenye anamusikiliza. Hapa hauulizi tena "kuko nini", unauliza "ni saa ngapi".

Na mufasiri wetu? Bomu haijafika hata mu kofre, yeye: "Bale bote bawili banakufa pale mbele!" Sale nzima ikacheka, na ikaisha. Ile dakika tatu tuliangalia gari tu.

Inauma zaidi juu patro alituletea Touch of Evil yenye balitengeneza upya 1998, na kwa hiyo namushukuru sana. Ile ya 1958 studio ilijaza majina na muziki ya Henry Mancini juu ya ile picha yote. Nyuma, Welles akiwa amekufa kitambo, bakafuata barua yake ndefu, yenye alielezea studio vile alitaka filme ikuwe, bakaitengeneza upya: majina yakatoka, unasikia paka miziki ya mabaa na redio ya gari zikipishana barabarani. Donc batu balifanya kazi ya kuondoa kelele, siye tunairudisha na mikro.

Mwenye kwenda aende, filme kama hizi haupati pengine kwa bei ile. Siku mufasiri hayuko njo siku nzuri, sutitre ya Kifaransa inasomeka vizuri. Mukae mbele upande wa kushoto, grupu (jenereta) iko kulia na inalia sana, na sambusa muchukue mbele ya kuingia.