Onyesho la mseto la Jumamosi jijini: wasanii wamefaulu, karatasi ya majaji haifai

Karatasi waliyopewa majaji watatu ina safu tano, kila moja alama 20: ubunifu, sauti, mavazi, mawasiliano na hadhira, umaliziaji. Ni karatasi ya mashindano ya nyimbo, na hapo ndipo jioni nzuri ya shilingi 800 inapoharibikia. Michezo ni minane: sarakasi ya pete, mwimbaji, mazingaombwe, sarakasi ya juu ya viti, mchekeshaji, mwanasesere anayesema, mrusha mipira, na mwishoni mnara wa watu unaopandishwa kwa ngoma za isukuti. Karibu nusu yao hawatamki neno. Watapewa nini kwenye safu ya sauti?

Tuanze na viti, kwa sababu ndio mchezo uliostahili ushindi. Meza ndogo inasimama juu ya chupa nne za soda, viti sita vinapandana juu yake, na kileleni kijana anasimama kwa mkono mmoja. Jaji anayejua kazi hahesabu viti tu. Anaangalia kama miguu imenyooka hadi vidoleni, kama mkao umeshikwa sekunde tatu kamili bila kiuno kuyumba, na zaidi ya yote anaangalia kushuka. Wakati wa kupanda mwili bado una nguvu na viganja vikavu. Wakati wa kushuka mabega yamechoka, jasho limeingia, na kila kiti kinachotolewa kinautikisa mnara, ndiyo maana wengi huharakisha. Huyu alishusha viti kimoja kimoja kwa mwendo ule ule aliopandia. Kabla ya hapo, msaidizi wake aliona mbao za jukwaa zimeinama kidogo upande wa watazamaji. Akakunja kipande cha boksi mara mbili, akakiweka chini ya chupa mbili za mbele, akaisukuma meza kwa kiganja, akakunja tena mara moja. Ilichukua kama nusu dakika, na jaji mmoja muda huo alikuwa anasoma simu yake. Usalama wa mchezo wote ulikuwa kwenye hicho kipande cha boksi, na karatasi haina mahali pa kukiandika.

Wa pete walikosa mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu moja: sakafu ina polishi, na mkeka wa kurukia haukubandikwa. Mrukaji akikanyaga kwa nguvu, mkeka unarudi nyuma, anaondoka chini ya kimo alichokusudia na goti linagonga pete. Utepe mpana kwenye kingo nne za mkeka ungetosha. Jaji lazima atenganishe kosa la msanii na kosa la ukumbi; hapa waliadhibiwa vijana kwa kosa la fundi wa jukwaa.

Mwanasesere anastahili maelezo zaidi, maana Kiswahili kina mitego yake. Msanii humsemea bila kutikisa midomo yake, lakini herufi b, m, p, f na v haziwezi kutamkwa sawasawa bila midomo, hivyo msanii huazima sauti ya ulimi: d mahali pa b, n mahali pa m. Kwa lugha yetu hilo ni hatari. Baba anakuwa dada, mama anakuwa nana, embe linakuwa ende. Msanii hodari huandika maneno ya mwanasesere kwa kukwepa hizo herufi, au anamfanya mwanasesere kuwa mtoto mwenye kithembe ili kasoro iwe tabia yake. Huyu wa Jumamosi alichagua njia ya pili na akaishikilia hadi mwisho. Alishindwa mara mbili tu, midomo ikatikisika kwenye neno «matatu», neno ambalo kwa hadithi ya Nairobi huwezi kulikwepa. Alistahili alama za juu kuliko alizopata.

Mrusha mipira aliangusha mpira wa tano kwa sababu taa ya juu ilimpiga machoni. Mazingaombwe yalikuwa safi ukiwa umeketi katikati, lakini kutoka viti vya pembeni mkono wa kushoto ulionekana ukienda mfukoni. Hilo ni kosa lake mwenyewe, kwa kuwa pembe hupimwa mchana kabla watu hawajaingia. Mchekeshaji alikuwa na vicheko vingi na mchongoano (utani wa kudhihakiana) mkali, ila alishika maikrofoni kwa kufunika kichwa chake na ikalia filimbi kila alipokaribia spika.

Sasa hesabu, iliyoonyeshwa ukutani kwa projekta. Viti: 84, 82, 60. Mchekeshaji: 80, 79, 92. Majaji wawili kati ya watatu waliweka viti mbele, lakini kwa jumla mchekeshaji alishinda 251 kwa 226. Jaji mwenye kutawanya alama zake mbali mbali huamua peke yake, wenzake wakibaki mapambo. Dawa yake ni rahisi: kila jaji apange wasanii kwa nafasi, wa 1 hadi wa 8, kisha nafasi zijumlishwe na mwenye jumla ndogo ashinde. Na mchezo wa kwanza usipewe nafasi hadi wa tatu umalizike, kwa sababu majaji huogopa kutoa alama kubwa mapema.

Mpangilio nao uliwaumiza wasanii. Mameneja wa kumbi za vodevili (maonyesho ya mseto kama hili) za B. F. Keith kule Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, walitazama onyesho la Jumatatu na kuandika ripoti ya kila mchezo: umechukua dakika ngapi, umehitaji jukwaa zima au nafasi ya mbele ya pazia tu, watu wameupokeaje. Kwa taarifa hizo mchezo wa mbele ya pazia uliwekwa katikati ya ile mikubwa, vyombo vikapangwa nyuma bila mtu kungoja. Hapa mrusha mipira na mnara wa watu, wote wa jukwaa zima, walifuatana, pazia likakaa limefungwa dakika sita, na mfawidhi wa onyesho akaishiwa maneno. Saa nne na robo usiku watu wakaanza kutoka kuwahi matatu. Vijana tisa wa mnara walipanda mbele ya viti vitupu, kisha wakakatwa alama kwenye mawasiliano na hadhira.

Ukienda, nunua tiketi mapema, kwani mlangoni ni 1,000. Chagua safu ya tano hadi ya nane, katikati. Safu mbili za mbele hazionyeshi miguu ya wanasarakasi kwa sababu jukwaa liko juu, na pembeni mazingaombwe yatakuharibikia. Kaa hadi mnara ushuke.