IPv4 au IPv6?
Zote mbili ni matoleo ya kanuni zinazovipa vifaa anwani za namba kwenye intaneti. IPv4 ya mwaka 1981 ina anwani za biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1), takriban bilioni 4.3 tu. Akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. Ndiyo maana ruta ya nyumbani huficha vifaa vyote nyuma ya anwani moja ya umma, ikibadilisha anwani kwenye kila pakiti (kifurushi cha data) inayotoka au kuingia. Ujanja mzuri, ila aliye nje hawezi kukifikia kifaa cha ndani bila mipangilio ya ziada.

IPv6 ina biti 128, hivyo kila kifaa hupata anwani yake. Kuzisoma ni adhabu: 2001:db8::1 ni fupi hiyo!

IPv4 na IPv6 haziongei moja kwa moja, kwa hiyo washa zote mbili. Ukilazimika kuchagua, baki na IPv4. Tovuti nyingi bado ziko huko tu.